Misumari Tisa

Nyuma ya mlango wa stoo ya Kundaeli, pale Kiborloni,
kuna misumari tisa.
Aliigongelea mwenyewe wiki aliyofungua duka,
kila msumari kwa aproni yake,
akasema, hawa watu watakuja, nafasi iwepo kwanza.

Mimi karani wa takwimu. Huja kila robo mwaka
na fomu, na kitambulisho kinachoning'inia kifuani
kama cha mtoto wa chekechea.
Kipengele cha kumi na nne:
rejareja, vyakula na vinywaji, idadi ya waajiriwa.
Nauliza kwa sababu fomu inataka niulize,
ila jicho limeshafika mlangoni.
Hesabu yangu ni ya kinyume:
msumari mtupu ni mtu aliye kazini.

Desemba yote ilikuwa mitupu.

Wenye migomba walikuwa wamerudi kutoka Dar,
magari yamejipanga hadi mtaroni,
kreti za bia zinapanda Marangu, za soda zinapanda Kibosho,
mchele kwa gunia, mafuta kwa dumu,
na Kundaeli anakata kamba kwa meno:
"Andika tisa, mwanangu, nipishe."
Namsifu kwenye mizani. Rafikieli na kreti mbilimbili begani.
Aikande, mgeni, kwenye friji,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi, anacheka.
Nikamuuliza: wa kudumu au kibarua?
"Mimi? Mimi wa sikukuu."
Fomu haina kisanduku cha sikukuu.

Ofisini tukajumlisha.
Mstari ukapanda ukutani kama njia ya Old Moshi,
mkuu akasoma kwamba sekta imekua,
tukapiga makofi. Nami nilipiga.
Chai siku hiyo ilikuwa na maziwa.

Februari nikarudi.
Aproni tano zimening'inia, zimekunjamana mabegani
kama watu waliochoka kusubiri.
Mteja mmoja alitaka sukari robo.
Mwingine alileta kikombe chake cha mafuta,
akakiinamia, akakitazama kinavyojaa,
akasema, "Hapo hapo, inatosha,"
kabla hakijafika nusu.

"Usinihoji mimi," Kundaeli akaniambia. "Hoji friji."
Nikalifungua. Limezimwa.
Ndani kuna vitunguu, na daftari la mkopo,
amelificha humo panya wasilile.
Limenenepa daftari lile. Ndicho kitu pekee dukani
kilichonenepa tangu Krismasi.

"Mji hauanzi kwa kusema una njaa," alisema,
akifuta mizani isiyo na vumbi.
"Unaanza kwa kusema, leo nitachukua robo.
Halafu mimi namwambia mtoto wa mtu, pumzika kidogo,
nitakuita. Wewe unakuja mwezi wa tatu
kuniuliza kuna nini."

Nikaandika nne.
Namba ndogo sana kwa karatasi kubwa vile.

Aikande nilimkuta Mbuyuni, kaketi nyuma ya beseni la parachichi,
matano matano, mafungu yamepangwa kwa rula.
"Karani! Bado unaniandika?"
Nilitaka kusema ndiyo.
Nilinunua fungu ambalo sikulihitaji.
Sikumwambia kwamba mkataba wangu nao unaisha Machi,
kwamba nami, kwa maneno yake, ni wa sikukuu,
ila sikukuu yangu ina muhuri.

Jumamosi nilipita tena Kiborloni, bila fomu.
Kundaeli alikuwa uani na karai la povu.
Anazifua zote tisa, hata zile tano
ambazo hakuna jasho la mtu lililozigusa mwezi mzima.
"Vumbi," alisema kabla sijauliza.
Akazianika moja moja, akazibana kwa vibanio,
upepo wa mlimani ukaingia, zikajaa,
vifua, matumbo, mabega,
na mtu aliyekuwa anapita barabarani
akageuka, akaziangalia,
akasema, duka hili lina watu.